Nyama Choma ya Nyumbani: Siri Iko Kwenye Makaa

Inatubidi tuanze na aibu yetu wenyewe. Jumapili moja, miaka kadhaa iliyopita, tulipata wageni nyumbani: mama mkwe aliyetoka kijijini, mashemeji wawili na watoto wao. Wali ulipikwa alfajiri kabla ya ibada, kachumbari ilikatwa mara tu tuliporudi, na kwa kuwa tulitaka siku hiyo iwe tofauti na nyingine, tukaamua kuku wasikaangwe bali wachomwe. Tulikuwa na kuku watatu, jiko la mkaa na wavu mpya. Tulikuwa pia na haraka, maana saa nane ilikuwa imekwisha kupita na watoto walikuwa wanazungukazunguka mlangoni.

Kuku hao walitoka motoni weusi kama chungu cha makande. Tukawapanga kwenye sinia, tukawafunika kwa majani ya kotimiri, tukaomba, tukaketi. Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukata. Alitazama mfupa wa paja, akaona damu, akakirudisha kipande kwenye sahani taratibu bila kusema neno. Mtoto wa shemeji hakuwa na subira hiyo. Alisema kwa sauti, "Mama, huyu kuku hajafa!" Watu walicheka sana. Baba wa nyumba akampa kijana fedha, akamtuma kwenye banda la mchoma nyama pale njia panda, na wageni wetu wakala chakula cha kununua katika nyumba ambayo mpishi yupo.

Tunajua si sisi peke yetu. Wengi wetu tumefundishwa na mama zetu kupika mchuzi, pilau, mboga za nazi na maandazi, lakini kuchoma nyama kuliachiwa wanaume, tena mara nyingi huko nje, mahali ambapo mama na watoto hawaendi. Matokeo yake nyama choma imekuwa chakula cha baba na rafiki zake, na nyumbani inafika harufu tu iliyoshika kwenye shati.

MANENO YA MCHOMAJI

Kesho yake jioni tulikwenda wenyewe kwenye banda lile. Hatukwenda kununua. Kijana alitupokea kwa heshima, "Shikamoo mama," akatupa kigoda, naye akaendelea na kazi yake huku tukimweleza yaliyotupata. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Mama," alisema, "ninyi mlichoma kwa moto. Nyama haichomwi kwa moto, inachomwa kwa makaa."

Maneno hayo yanaweza kuonekana kama mchezo, lakini ndani yake mna karibu somo lote. Mkaa uliowashwa sasa hivi bado una sehemu nyeusi, una ndimi za moto na una moshi. Joto lake hupanda na kushuka. Ukiweka nyama wakati huo, ngozi ya nje huungua kabla joto halijafika ndani. Mkaa unaofaa ni ule uliokwisha kushika wote, ukafunikwa na jivu jembamba la kijivu, na ndani yake ukaona wekundu usiorukaruka. Kufika hapo huchukua kama dakika 20 hadi 30, na katika muda huo mchomaji hafanyi lolote ila kungoja. Sisi tulikuwa tumeweka kuku baada ya dakika tano.

Tulimwuliza anajuaje kwamba makaa yamefikia joto linalotakiwa. Alinyosha kiganja juu ya wavu, kama urefu wa ngumi moja hivi, akahesabu pole pole: moja, mbili, tatu. Ukishindwa kuvumilia baada ya kuhesabu mbili au tatu, moto ni mkali na unafaa kwa mishikaki midogo na vipande vyembamba. Ukifika nne au tano, ni moto wa wastani, wa samaki na mbavu. Ukifika sita mpaka nane, ni moto mpole, na huo ndio wa kuku mzima aliyepasuliwa au paja la mbuzi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na tangu siku ile hatujakiacha.

Jambo la pili alilotuonyesha lilitushangaza zaidi. Jiko lake halikuwa na makaa kila mahali. Aliyarundika upande mmoja, upande mwingine akauacha mtupu. Nyama ilianza juu ya makaa kwa dakika chache ili ipate rangi, kisha akaihamishia upande usio na makaa, akaifunika kwa karai safi, akaiacha iive kwa joto linalozunguka. Mafuta yakidondoka na moto ukiruka, hakumwagia maji (maji hurusha jivu juu ya nyama) bali alisogeza nyama pembeni mpaka moto utulie. Mafuta yanayoungua juu ya makaa hutoa moshi mweusi wenye masizi, nao si mzuri kwa afya ya mtu, mbali na kwamba unaleta uchungu mdomoni. Ndiyo maana huondoa mafuta mazito ya pembeni kabla ya kuanza.

Na kifuniko hakufunuafunua. Hapo ndipo sisi akina mama tunapokosea, maana tumezoea kuchungulia sufuria. Kila ukifunua, joto linatoka na kazi inaanza upya.

Baadaye tulipata kusoma habari za jiko la kuchomea lililobuniwa Marekani, katika jimbo la Oregon, na Joe Traeger katika miaka ya 1980. Jiko hilo halitumii mkaa. Linatumia vidonge vya mbao iliyosagwa na kukandamizwa. Ndani yake mna parafujo inayosukuma vidonge kidogo kidogo hadi kwenye chungu cha moto, feni inayopepea, na kipima joto kinachoamua viongezwe au vipunguzwe. Watu wa huko wanalipenda kwa sababu linatunza joto moja kwa saa nyingi bila mtu kusimama hapo. Nao pia huambiwa yale yale: acha jiko lipate joto kwanza, usifunuefunue, na vidonge visipate unyevu, maana vikilowa huvimba na kurudi kuwa vumbi la mbao. Tulicheka tuliposoma. Kazi yote ya mashine ile, kijana wa njia panda huifanya kwa koleo na kipande cha boksi.

MKAA, KIWASHIO NA JIKO

Mkaa mzuri ni mzito mkononi na ukigonganisha vipande viwili hulia kama kigae. Huo umetokana na miti migumu kama mgunga au miti ya miyombo. Mkaa mwepesi hushika upesi, hurusha cheche na kwisha kabla nyama haijaiva. Mkaa uliolowa hupasuka na kutoa moshi, basi gunia liwekwe juu ya mbao au matofali, si kwenye sakafu yenye unyevu. Chenga za chini ya gunia msizitupe. Ziko familia na vikundi vya akina mama wanaozichanganya na udongo kidogo na kutengeneza mkaa mbadala, nao huwaka pole pole na sawasawa, jambo linalofaa sana kwa kuchoma.

Kiwashio nacho tukiangalie. Tumeona nyumba nyingi zikiwasha jiko kwa vipande vya plastiki au kwa mafuta ya taa. Moshi wa plastiki una sumu, na harufu ya mafuta ya taa huingia kwenye nyama isitoke tena. Kumwagia mafuta ya taa juu ya mkaa uliokwisha kushika ni hatari kubwa kabisa, maana moto huweza kurudi mpaka kwenye chupa mkononi mwako. Magunzi makavu, makumbi ya nazi, vifuu, au vijiti vikavu na karatasi vinatosha. Mlango wa jiko uelekezwe kunakotoka upepo, kisha subiri.

Kuhusu jiko lenyewe, wengi mnalijua lile lenye udongo wa kuchomwa ndani na bati nje, lililobanwa katikati kama kiuno. Lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa majiko ya ndoo ya Thailand, na baadaye likaenea Tanzania na kwingineko. Udongo hutunza joto, hivyo mkaa unaotumika ni pungufu kwa theluthi au zaidi ukilinganisha na jiko la bati tupu. Hilo si jambo dogo. Kwa tanuru zetu za kienyeji, kilo moja tu ya mkaa inahitaji kilo tano hadi kumi za kuni. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya watu waitumie ifikapo 2034, na akina mama wengi mijini sasa hupikia gesi siku zote za juma. Sisi wenyewe tunafanya hivyo. Mkaa tumeubakiza kwa siku ya kuchoma, ndiyo sababu tunaona ni vibaya zaidi kuuharibu.

Wavu usiwe ule unaong'aa kwa zinki, wa kufugia kuku. Zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke mbaya. Tafuteni wavu wa chuma cha kawaida, kwa mafundi wanaofua majiko.

NYAMA YENYEWE

Ng'ombe wetu wengi ni wa kuchungwa, wanatembea sana, na nyama yao ni tamu lakini ngumu. Papai bichi ni msaada wa Mungu hapa. Lina kitu kinachovunja nyuzi za nyama. Kwaruza kipande kidogo, paka, acha nusu saa kwa mishikaki, si zaidi ya saa moja. Mama mmoja alituambia alipaka jioni ili achome kesho yake mchana, akakuta nyama imekuwa kama uji, haishiki hata kwenye kijiti. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa vinaweza kukaa muda mrefu kidogo. Chumvi ipakwe saa moja kabla ili iingie ndani. Sukari, asali au sosi ya nyanya isipakwe mwanzoni, maana huungua upesi; pakeni dakika chache za mwisho.

Vijiti vya mishikaki vilowekwe majini nusu saa visiungue. Vipande viwe vya ukubwa mmoja. Tumeona mishikaki yenye kipande kama kidole gumba na kingine kama yai katika kijiti kimoja, na anayelaumiwa ni moto.

Kuku wa kisasa mpasueni mgongoni, mkunjueni awe bapa, mumweke upande wenye moto mpole, mifupa chini, mumfunike. Atachukua kama dakika 45 hadi saa moja, akigeuzwa mara moja au mbili. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Huyo mchemsheni kwanza kwa tangawizi na chumvi mpaka alainike, kisha apite juu ya makaa kwa ajili ya rangi na harufu. Hakuna aibu katika kumchemsha, ingawa shemeji zetu husema si kuchoma huko. Ameiva pale unapochoma kisu kwenye unene wa paja, maji yakatoka meupe bila wekundu. Mwenye kipima joto cha jikoni atafute nyuzi 74. Nyama ikitoka motoni ipumzike dakika tano hadi kumi kabla ya kukatwa, la sivyo utamu wote utabaki kwenye ubao.

Sinia iliyobeba nyama mbichi isitumike kubeba iliyoiva mpaka ioshwe kwa sabuni. Kachumbari vile vile isikatwe kwenye ubao ule ule. Watoto wengi wanaougua tumbo baada ya sherehe hawakurogwa.

NENO KUHUSU KITIMOTO

Kwa nyumba zinazokula nguruwe, hapa tunaomba msome pole pole. Katika sehemu ambazo nguruwe huachwa wazurure na vyoo ni vichache, kama baadhi ya vijiji vya nyanda za juu kusini na Mbulu huko kaskazini, nyama inaweza kuwa na viluwiluwi vya tegu. Huonekana kama vilengelenge vyeupe, wakati mwingine vidogo kama punje ya mchele, wakati mwingine kama njegere. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Ubaya haukomi hapo. Mayai ya tegu hutoka na choo cha mtu huyo, na yakifika mdomoni mwa mtu yeyote nyumbani, kwa mikono isiyonawa au mboga zisizooshwa, viluwiluwi vyaweza kwenda mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika maeneo mengi yenye tegu huyu, asilimia 30 ya kifafa husababishwa na yeye. Fikirini ni watoto wangapi wamesemwa kuwa wana mashetani, kumbe ni minyoo.

Nunueni nyama iliyopimwa na kupigwa muhuri. Ukiona vilengelenge, irudishe. Na nguruwe asiliwe akiwa na wekundu ndani. Hapa hakuna kuonja onja wakati anachomwa.

JIKO LISILALE NDANI

Mama mmoja tunayemfahamu, anayeishi mkoani Njombe ambako mwezi Juni na Julai baridi huuma hadi mifupani, alichoma nyama jioni uani. Makaa yalikuwa yamebaki mazuri, mekundu, bila moshi hata kidogo. Akaona ni hasara kuyaacha nje. Akaingiza jiko chumbani walipolala watoto watatu, akafunga dirisha. Usiku wa manane mdogo alianza kutapika. Mama alipojaribu kuinuka, kichwa kilikuwa kinampasuka na miguu haina nguvu. Alidhani ni malaria imewashika wote kwa pamoja. Alitambaa mpaka mlangoni, na kwa kuufungua tu aliwaokoa wanawe, ingawa mwenyewe alikuwa hajui ni nini kilichokuwa kinawaua.

Makaa yanayoonekana safi hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa pumzi akiwa anapumua. Aliyelala haamki. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, hasa zikiwapata watu kadhaa wa chumba kimoja. Watoeni nje kwenye hewa safi mara moja, kisha hospitali, hata kama wameanza kujisikia nafuu. Mvua ikinyesha katikati ya kuchoma, hamishieni jiko kwenye kibaraza kilicho wazi. Msiliingize ndani, hata kwa dakika kumi, hata mlango ukiwa umeachwa nusu.

JE, ITAMRUDISHA BABA NYUMBANI?

Swali hili tuliulizwa na dada mmoja ambaye mume wake hupotea kila Jumamosi mchana na kurudi usiku akiwa ameshiba, wakati nyumbani wamekula dagaa. Hatutamdanganya. Mwanamume anayekwenda baa kwa sababu zake nyingine hatarudishwa na mishikaki, na si haki mke abebeshwe mzigo wa kumrudisha kwa koleo. Lakini tumeona nyumba ambazo baba alikuwa anafuata nyama tu na mazungumzo. Dada huyo alimwomba mumewe amfundishe kuwasha jiko, ingawa alikuwa anajua. Sasa mume ndiye anayekaa kwenye makaa, mtoto wa kiume anapepea, na fedha iliyokuwa inanunua kilo moja ya kula watu wanne huko nje inatosha nyumba nzima. Jumamosi nyingine bado hupotea. Tumeyaandika kama alivyotueleza.

Kazi ikiisha, kwenye makaa yaliyobaki wekeni ndizi, mahindi mabichi au viazi vitamu vikiwa na maganda yake. Watoto watakaa hapo bila kuitwa. Kisha makaa yafunikwe kwa jivu au yatiwe kwenye debe lenye kifuniko, huko huko nje, yazimike, yatumike tena. Msimwage maji kwenye jiko la udongo likiwa moto, litapasuka.

Mama mkwe alikuja tena mwaka uliofuata. Tulichoma kuku wawili, upande usio na makaa, chini ya karai, na hatukufunua mpaka muda ulipotimia, ingawa mkono uliwasha. Alichukua paja, akalipasua hadi kwenye mfupa, akalitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akala. Hakusema lolote, lakini alipoomba kipande cha pili tulikuwa tumebakiwa na shingo tu, naye akaipokea.